Dakika Moja na Staa Wako: Mbinu za Kujiandaa, Kutoka Migori hadi Homa Bay

Umesikia redioni kwamba anakuja. Jumamosi, Homa Bay. Yule ambaye nyimbo zake umezikariri tangu shule ya msingi, au yule ambaye jezi yake umeivaa mpaka namba ya mgongoni imeanza kubanduka. Moyo unaenda mbio na siku bado nne. Furaha hiyo ni yako, usiionee haya. Lakini nikuambie mapema: ukibahatika, utakuwa naye dakika moja. Mara nyingi hata haifiki. Kwa hiyo tuiandae hiyo dakika.

Uko mahali pazuri, kwanza. Nairobi staa huingia kwa mlango wa nyuma na kutokea huko huko. Huku kwetu bendi inapiga kwenye bustani ya hoteli, mchezaji anakuja likizo kumwona mamake, mheshimiwa anakaa kwenye kiti cha plastiki matangani kama wengine. Unaweza kumkuta Rongo kwenye kituo cha petroli akinunua maji. Huo ukaribu ndio mtaji wako, na ndio unaowaponza wengi, kwa sababu wanadhani kuwa karibu na mtu ni sawa na kuruhusiwa.

Hakikisha anakuja kweli

Bango si ushahidi. Kuna mapromota wanaopachika picha za wasanii sita kwenye bango moja, halafu usiku ukifika anatokea mmoja, tena yule aliyechapwa kwa herufi ndogo. Kabla hujanunua tiketi, ingia kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe uone kama ametangaza tarehe hiyo. Kisha pigia simu hoteli au klabu inayoandaa. Uliza swali moja tu: "Bendi inafika saa ngapi kufunga vyombo?" Anayejua atakutajia saa. Asiyejua ataanza kukueleza bei ya meza.

Ukipata ujumbe Facebook kutoka kwa "meneja" anayesema zimebaki nafasi kumi za kukutana na staa faraghani, utume 500 ya usajili, usitume. Hata kama picha ni yake. Hata kama jina limeandikwa vizuri. Futa, endelea na siku yako.

Chagua saa, si mahali tu

Tuanze na wanamuziki, maana hao ndio wengi huku. Akitangazwa Prince Indah, Emma Jalamo au Tony Nyadundo, bango linaweza kusema saa moja jioni. Usidanganyike. Bendi itapanda kwanza, waimbaji chipukizi watafuata, na staa ataingia usiku mkubwa watu wakiwa wamebanana. Wakati huo hakuna mazungumzo.

Saa yako ni alasiri, gari la vyombo likiwa limeegeshwa nyuma na vijana wakishusha spika. Agiza soda, kaa karibu, tulia. Huenda staa mwenyewe hajafika, lakini mpiga besi yupo, mpiga ngoma yupo, fundi wa sauti yupo. Wasalimie. Waulize majina na uyakumbuke. Fundi wa sauti akikujua kwa jina, usiku atakusogeza hatua tano mbele ambazo tiketi ya VIP haikupi.

Ukikosa alasiri, subiri mapumziko kati ya seti. Mwache anywe maji kwanza, ajifute jasho, ndipo usogee. Baada ya onyesho, alfajiri, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Yeye amechoka na koo limekauka. Wewe pengine umeshakunywa.

Kwa wanasoka, geuza hesabu. Kabla ya mechi mchezaji hakuoni hata ukimvuta shati. Kocha amemjaza maagizo. Mvizie baada ya kipenga cha mwisho. Ukiwa Raila Odinga Stadium pale Homa Bay, uwanja ulioandaa sherehe za Madaraka Juni 1, 2025, au Awendo Green Stadium, nyumbani kwa SoNy Sugar waliotwaa ubingwa wa Kenya 2006, fanya hivi: mechi ikiisha usikimbilie lango. Baki upande wanapofanyia mazoezi wachezaji wa akiba. Wale ambao hawakucheza hukimbizwa kidogo baada ya mechi, uwanja ukiwa unaanza kuwa mtupu, na huwa na dakika ya kusalimia. Wengine watatoka kuelekea basi. Simama pembeni ya njia, si katikati, na muite kwa jina lake mara moja. Timu ikiwa imefungwa, waache wapande basi. Na usiingie uwanjani kamwe, hata ukiona wengine mia wanaingia. Faini hulipwa na klabu yako mwenyewe.

Wanaocheza Ulaya hupumzika Juni. Desemba nayo ina mashindano ya vijijini, na usishangae ukimkuta mchezaji wa ligi kuu amesimama kando ya uwanja wa shule akiwatazama wadogo zake wakicheza. Hapo hana mlinzi wala msemaji. Subiri mapumziko ya nusu ya kwanza.

Wanasiasa ni rahisi kuwaona na vigumu kuzungumza nao. Mkutano wa hadhara hautakupa chochote zaidi ya vumbi. Kama unampenda mheshimiwa fulani kwa kazi yake, pitia ofisini. Nenda kwa MCA wako au ofisi ya wadi, omba siku ya kuonana na wananchi, andika ombi la ukurasa mmoja. Hilo litachukua wiki kadhaa, lakini utakaa kwenye kiti, na utasikilizwa.

Matanga si mahali pa selfi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huku kwetu watu wakubwa wengi tunakutana nao mazishini. Ijumaa na Jumamosi barabara ya Rongo, ya Ndhiwa, ya Kendu Bay, zote zina misafara. Msanii yupo kwa sababu amefiwa na shangazi. Mchezaji yupo kwa sababu marehemu alikuwa mwalimu wake. Siku hiyo hawakuja kuonwa.

Sheria ni fupi. Simu mfukoni. Ukikutana naye, mpe mkono, sema pole, taja jina lako na boma lenu kama mnahusiana, kisha songa. Toa mchango wako kama waombolezaji wengine. Usimwombe picha hata kama umevaa vizuri, hata kama mwenzako ameshapiga. Ukiona kuna mtu anayeshika mkoba wake au anayemwendesha, huyo unaweza kumwendea baadaye, mbali na hema, ukamuuliza kwa adabu ni wapi unaweza kumpata wiki nyingine. Nimewaona watu wakikumbukwa vizuri miaka baadaye kwa sababu ya hiyo pole tu, na nimeona waliokumbukwa kwa ubaya.

Nini cha kusema

Sentensi moja. Iandike. Isome kwa sauti ukielekea sokoni, mpaka iweze kutoka hata magoti yakitetemeka.

Usiseme "mimi ni shabiki wako nambari moja." Ameisikia leo mara arobaini, na wote hawawezi kuwa nambari moja. Sema kitu ambacho ni wewe uliyekiona. Kwa mfano, ukikutana na mchezaji wa timu ya taifa Ryan Ogam: "Nilikuwa naangalia siku mlipowafunga Morocco kwenye CHAN, Agosti 2025, mkiwa kumi uwanjani. Mzee wangu alisimama kipindi chote cha pili." Hapo atakutazama. Umemrudisha kwenye siku anayoijua, na umempa kitu asichokijua: mzee wako alisimama.

Swali dogo hufanya kazi kuliko sifa kubwa. Mwanasoka Michael Olunga alifunga mabao 8 kwenye mechi moja akiwa Kashiwa Reysol, Novemba 2019, kule Japani. Kila mtu atamtajia mabao hayo. Wewe muulize: "Ule mpira wa siku ile uko wapi sasa?" Au mtajie yale matatu ya Girona dhidi ya Las Palmas, Januari 2018, alipoingia kutoka benchi. Mtu akiulizwa jambo dogo la kweli, hujibu. Akisifiwa kwa maneno makubwa, husema asante na kugeukia anayefuata.

Kwa mwanamuziki, taja mahali pa wimbo, si wimbo mzima. Lile gitaa linaloingia baada ya ubeti wa pili. Pale sauti inaposhuka. Wasanii wa benga ni mafundi, na fundi hufurahi ukiiona kazi ya mkono wake.

Mpangilio ni huu: jina lako, unakotoka, sentensi yako, basi. Nyamaza. Watu wengi huharibu hapa. Wanasema jambo zuri, halafu ukimya wa sekunde mbili unawatisha, wanaanza kueleza habari za shule waliyosoma, binamu wao aliyepo Dubai, na wimbo ambao wao wenyewe wameandika. Mwachie hizo sekunde mbili. Ni zamu yake.

Lugha chagua kwa kuangalia mtu. Kama ni Mjaluo mwenzako na wewe ni Mjaluo, anza na Dholuo, kisha asante yako iwe "erokamano". Lakini Migori si ya kabila moja. Kehancha kuna Wakuria, Isebania kuna kila mtu, na mpiga gitaa anaweza kuwa Mtanzania aliyevuka Sirari asubuhi. Kiswahili kitakufikisha kokote.

Cheo nacho kina uzito. "Omera" ni kwa rika lako. Usimwambie hivyo mtu wa umri wa babako hata kama umesikia rafiki zake wakimwita hivyo. Mzee ni "jaduong'". Binti wa mahali fulani ni "nyar" wa mahali hapo, na wengi hupenda kuitwa hivyo, lakini hakikisha umepata mahali sahihi. Mwanamuziki Akothee wa Rongo anajiita Madam Boss, kwa hiyo mwite Madam Boss. Majina ya utani yaliyotungwa na wapinzani yaache mtandaoni.

Mwili wako siku hiyo

Kula kabla. Sahani ya ugali na samaki saa kumi itakushikilia hadi usiku kuliko chipsi za haraka. Kunywa maji. Bia ya kutoa woga usiinywe kabla hujamsalimia, kwa sababu woga utaondoka kweli, na sentensi yako itaondoka nao.

Jifute kiganja kwenye suruali. Toa pumzi yote nje, kisha ndipo uvute mpya. Ukitokwa na machozi, yaache, si kioja. Wasanii wameshayaona. Kinachowatisha ni kukamatwa. Usimshike bega kwa nyuma. Usimkumbatie bila kuona mikono yake imefunguka. Staa akiwa mwanamke, mkono wako usiende kiunoni kwa ajili ya picha, hata kama wote waliokutangulia wamefanya hivyo. Simama kando yake, mikono yako iwe yako.

Picha na sahihi

Chaji simu nyumbani na ubebe pawabenki kama unayo. Futa kamera kwa kitambaa safi. Nusu ya picha mbaya za huku si simu mbaya, ni mafuta ya vidole vilivyotoka kula samaki. Futa picha za zamani ili nafasi isikuishie pale pale mbele yake. Mpe rafiki simu ikiwa tayari iko kwenye kamera, na mwambie apige tano mfululizo. Selfi hukufanya uso mkubwa na yeye sikio.

Omba kwanza. "Naomba picha moja." Moja ni moja. Ukimwambia moja halafu ukaanza kubadilisha pozi, umekula muda wa mtu aliye nyuma yako, na huyo mtu anaweza kuwa na miaka tisa.

Sahihi kwenye jezi inataka maandalizi. Biki haiandiki kwenye kitambaa cha jezi, inakwaruza tu. Nunua maka ya wino usiofutika. Jezi weka jalada gumu la daftari ndani yake, mahali unapotaka aandike, ili kitambaa kikae kimenyooka na wino usipenye hadi upande wa pili. Mpe maka ikiwa imefunguliwa. Ikishasainiwa, usiikunje kwa dakika chache. Ukifika nyumbani, ifue kwa maji baridi, mbali na nguo nyingine, au usiifue kabisa.

Pakruok

Hapa ndipo wageni hupotea na wenyeji hufilisika. Kwenye muziki wa Kijaluo, ohangla na benga, na tangu zamani kwenye nyatiti, shabiki hasimami pembeni akisikiliza tu. Anatoa pesa, muziki unashushwa, naye anajisifu: yeye ni mwana wa nani, ametoka wapi, anampenda nani, rafiki zake ni kina nani. Msanii anayachukua majina hayo na kuyarudisha kwa sauti. Ndiyo maana nyimbo za benga zimejaa majina ya watu na vijiji ambayo mgeni hawezi kuyaelewa. Hiyo ndiyo pakruok, njia halali na ya heshima ya kumfikia staa akiwa kazini. Kwa maoni yangu inashinda selfi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayelitamka jina lako.

Lakini ifanye kwa akili. Mchana, badilisha noti ya elfu moja iwe mia mia na mia mbili mbili, dukani, kwa sababu klabuni chenji huadimika saa unayoihitaji. Amua kiwango chako ukiwa bado unaona mwanga wa jua. Nauli iweke mfuko mwingine. Simu yenye M-Pesa mwachie mwenzako asiyekunywa.

Andika majina yako kwenye karatasi, herufi kubwa, pamoja na mahali. Kelele ni nyingi na msanii hawezi kukisia kama umesema Kanyada au Kanyamkago. Matatu yanatosha: lako, la kwenu, na la mtu mmoja unayemheshimu. Mama ni chaguo zuri kila mara. Usitaje mke wa mtu kwa mzaha. Usiseme vibaya ukoo mwingine.

Ngoja pumzi ya wimbo, usimkatize akiwa katikati ya ubeti. Mtazame mshereheshaji, akikupa ishara, sogea, weka pesa mahali wengine wanapoweka, toa karatasi, sema lako, shuka. Halafu meza ya jirani itajibu. Watatoa zaidi yako na kujisifu zaidi yako, na watakutazama wakicheka. Usijibu. Mashindano hayo hayana mshindi ila bendi, na bendi ina haki yake, lakini wewe una karo ya kulipa Januari.

Zawadi

Kuku hai ni heshima kubwa kwetu, lakini bendi inayosafiri usiku kutoka Migori hadi Kisumu na spika kumi haina mahali pa kumweka. Jogoo atawika barabara nzima, na mwishowe atabaki kwenye hoteli. Peleka kitu kidogo kisichoharibika. Njugu za huku ni nzuri: zikaange, zipoe, zitie kwenye pakiti safi, bandika karatasi yenye jina lako na kijiji chako. Mpe msaidizi wake, si yeye mkononi. Barua fupi ndani ya pakiti husomwa garini, wakati ambapo ana saa nzima ya kukaa.

Usisahau wastaafu

Sasa nikupe siri ambayo vijana wengi hawaitumii. Staa wa leo atakupa dakika. Aliyestaafu atakupa alasiri nzima.

Gor Mahia walitwaa Kombe la Mandela mwaka 1987. Walitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, wakatoka 1-1 Nairobi, wakabeba kombe kwa bao la ugenini. Peter Dawo, nahodha Austin Oduor na wenzao ni watu ambao baba zetu waliwaimba. Ukisikia mmoja wa kizazi hicho amealikwa kwenye mashindano ya shule au harambee ya timu ya kijijini, acha mambo mengine uende. Hatazingirwa na simu mia. Atakuwa ameketi chini ya mti na wazee wenzake.

Hapo kanuni zinabadilika. Usimwendee na sentensi moja, mwendee na maswali matatu na masikio. Beba soda mbili. Muulize kuhusu mazoezi, viatu walivyovaa, basi walilosafiria, si mabao ya fainali tu. Omba ruhusa ya kurekodi sauti kwenye simu. Kama ana picha za zamani, usizichukue uende nazo "kuziskani". Zipige picha pale pale mezani, kwenye mwanga wa dirisha, umrudishie mkononi.

Na kama shujaa wako ameshalala, bado kuna safari. Ya mwanasiasa Tom Mboya ni rahisi: panda gari Homa Bay hadi Mbita, vuka daraja uingie Rusinga, kisha boda boda hadi kaburini. Jengo lililojengwa juu yake lina umbo la risasi, kwa sababu alipigwa risasi Nairobi, Julai 5, 1969. Ndani utaona mkoba aliokuwa nao siku hiyo. Nenda asubuhi, siku ya kazi, ukute mlinzi ana nafasi ya kukueleza. Kabla hujaenda, soma kidogo kuhusu ndege aliyosaidia kuiandaa, ile ya Septemba 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani kusoma. Utauliza maswali mazuri zaidi. Chukua picha nje kwanza, na ndani uombe.

Wapenzi wa benga wa Migori wana Owino Misiani, baba wa muziki huo, aliyefariki katika ajali ya barabarani Kisumu mnamo Mei 2006. Alizaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka. Kama bado una wazee kijijini waliomwona akipiga, hao ndio unaopaswa kuwatembelea, na wiki hii, si Krismasi.

Umati na kurudi nyumbani

Hakuna staa anayestahili mbavu zako. Oktoba 2025, Raila Odinga alipofariki, mamilioni walitaka kumuaga. Kasarani watu walipoteza maisha polisi walipofyatua risasi kutawanya umati, na Nyayo na Kisumu wengi waliumia kwenye msukumano. Mapenzi yalikuwa ya kweli, na msongamano ulikuwa wa kweli pia. Ukiingia uwanjani, tafuta lango la pili kabla hujatafuta kiti. Kaa pembeni, si katikati. Ukihisi miguu yako inaanza kusukumwa bila wewe kutaka, toka kimshazari kuelekea ukingoni, mikono mbele ya kifua. Mtoto asibebwe mabegani penye msukumano.

Usafiri upange mchana. Kutoka Migori kwenda Homa Bay utapitia Rongo na Rodi Kopany, na kurudi usiku magari huwa haba. Ama ulale, ama mchange watu wanne mkodi probox ya dereva mnayemjua, na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Dada yangu, usiende peke yako, na mtu wa nyumbani ajue utalala wapi. Anayejiita rafiki wa staa na kukuambia "twende hotelini ndiko aliko" mjibu kwamba utamsalimia hapo hapo ukumbini.

Akikupita bila kukutazama

Itatokea. Amepokea simu mbaya, ana homa, promota hajamlipa, au kweli ni mtu mwenye majivuno. Huwezi kujua kwa sekunde kumi. Usimfuate. Usiandike mtandaoni usiku huo. Lala. Ukiamka na bado una la kusema, liseme kwa lugha ambayo ungemwambia usoni. Nyimbo bado ni nzuri kama zilivyokuwa jana, na huna sababu ya kuzifuta kwenye simu.

Ukifanikiwa, ziko kazi mbili za kesho yake. Ya kwanza, hifadhi picha mahali pawili na uandike tarehe, mahali na aliyekupigia. Ukiiweka mtandaoni, ondoa watoto wa watu na sahani zilizoko nyuma. Ya pili, Jumatatu mtumie ujumbe yule fundi wa sauti au yule kijana wa mlangoni. Mwambie asante kwa jina lake, na umuulize wanarudi lini huku. Akikupa tarehe, iweke kwenye simu.